Vumbi Halipangi Foleni: Kumuaga Bi Kamba wa Kitengo cha Picha

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa sita mchana, Mpigapicha Mkuu wa Idara ya Ramani atarudisha funguo za stoo, kamera mbili na stendi moja yenye mguu uliofungwa waya, kisha ataondoka kazini baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne. Katika muda wote huo hakuchelewa hata siku moja. Siku moja aliwahi kiasi kwamba mlinzi alikuwa bado amelala, akamkuta paka ndiye anayelinda lango.

Kamati ya Sherehe iliniomba niandike wasifu wake katika kijitabu cha sherehe hii kwa maneno mia tatu, "ya kufurahisha, bila kuchimbachimba." Niliyaandika. Mkurugenzi aliyasoma, akacheka panapostahili kucheka, akatia sahihi. Maneno hayo siyo haya mnayoyasoma. Ukurasa ule niliuchomoa mwenyewe kwa mpigachapa nikauweka huu, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Katibu Muhtasi asiguswe, yeye aliniazima stepla tu.

Tuanze na vicheko, maana vipo na ni vya haki yake.

Jina la Bi Kamba alilipata mwaka wake wa kwanza, kwa sababu ya kamba nyembamba ya katani yenye mafundo ambayo haijawahi kutoka kwenye mkoba wake wa lenzi. Dereva wetu alieneza habari kwamba anaitumia kumpima Mkurugenzi kiuno kila bajeti ikipita. Wengine walisema ni ya kumfunga mume asitoroke. Aliyethubutu kumuuliza alijibiwa kwa maneno mawili, "Kipimo changu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliajiriwa kuosha trei za dawa katika chumba cha giza, picha zinakochapwa. Mpigapicha wa wakati ule, Mungu amrehemu, alimwambia stendi ya kamera ni nzito kwa mwanamke. Akaibeba kichwani mpaka ghorofa ya nne, akashuka, akamuuliza kama anayo nyingine. Mwaka wa nne akakabidhiwa kamera. Alipotumwa kupiga picha za mashimo ya barabarani, alivua kiatu chake namba thelathini na tisa akakitumbukiza katika kila shimo ili ukubwa uonekane, na kwa muda mrefu wahandisi wetu waliandika kina cha mashimo kwa "viatu vya Bi Kamba." Mwenyekiti mmoja wa Halmashauri alizirudisha picha zake akilalamika kwamba kipara kimeonekana mno. Bi Kamba alimjibu mbele ya wageni: "Mheshimiwa, mimi napiga kilichopo. Kisichokuwepo kapigiwe kwingine."

Hayo maneno myashike. Yatatufaa huko mbele.

Sasa ufuko. Hakuna mtu wa mji huu asiyeufahamu. Mchanga mweupe, maji ya kina kifupi, mahali ambapo watu huwapeleka watoto Jumapili na maharusi hupelekwa kupigwa picha viatu mkononi. Pametulia hadi unamsikia kaa akitembea. Katikati kuna bonge la zege, pana kama meza ya mikutano, ambalo watu hulikalia kufunga kamba za viatu. Wachache wanajua lilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili kubeba mzinga, na kwamba meli za kivita zilipapiga mizinga siku tatu mfululizo, kisha wanajeshi wakateremshwa majini wakiwa wanautazama mdomo wa mzinga huo huo. Utulivu ule una historia yake, na haikuwa ya utulivu.

Idara yetu haikumtuma Bi Kamba kule kwa ajili ya vita. Ilitaka kujua bahari inaula ufuko kwa kasi gani. Kila mwezi wa Machi, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi mwisho, alisimamisha stendi juu ya lile zege, pale pale, akielekea upande ule ule, akapiga picha moja. Alifanya hivyo kwa Machi thelathini mfululizo. Aliahirisha likizo kwa ajili ya picha hiyo. Mwaka mmoja alikwenda shavu limefungwa kitambaa kwa jino bovu, akarudi, ndipo akaenda kung'oa. Kila negativu, kile kipande cha filamu kinachozaa picha, aliitia kwenye bahasha, na juu ya bahasha akaandika kwa penseli tarehe, saa, upepo, na mstari mmoja wa mwisho ambao hatukuusoma.

Niseme mimi ni nani. Mimi ni msafisha picha, na ofisini naitwa Fundi Madoa, jina ambalo mpaka Februari mwaka huu nililibeba kwa maringo. Kwa asiyejua kazi hii, vumbi likitua juu ya negativu huacha doa jeupe kwenye picha, nalo unalijaza wino kwa brashi nyembamba. Negativu ikiwa na vitundu, kwa dawa mbovu au trei chafu, picha huota vidoti vyeusi, navyo unavikwangua kwa ncha ya wembe. Nilijiunga miaka miwili baada ya Bi Kamba kupewa ule ufuko, na kila mwaka picha yake ilinijia na vidoti vyeusi mchangani. Mwaka mmoja sita, mwaka mwingine kumi na kimoja. Nilivikwangua kimoja kimoja huku nikipiga mluzi. Niliwalaumu waosha trei, na mmoja nilimsema mpaka akaomba uhamisho. Kompyuta zilipoletwa nikafurahi zaidi, kwa sababu kazi ya asubuhi nzima ikawa ya kubofya mara chache.

Picha zikishatoka kwangu zilipanda ghorofa ya tatu na kuchapwa kwenye ripoti ya mwaka kwa ukubwa wa kibiriti. Bi Kamba alirudishiwa negativu zake, akazitunza, akaamini kwamba alichokiona kwenye negativu ndicho walichokiona wenye ripoti. Kwa ukubwa ule wa kibiriti hata mzinga wenyewe usingeonekana. Kwa hiyo miaka ishirini na saba tulifanya kazi mlango kwa mlango, yeye akipiga kilichopo na mimi nikikifuta.

Februari Halmashauri ilileta mpango. Ufuko atapewa mwekezaji. Kutoka kwenye zege hadi majini patamwagwa kifusi, ukuta utajengwa, na juu yake yatakuwa maegesho ya magari mia mbili. Bi Kamba aliitwa kikaoni ili apigiwe makofi, kwa kuwa mpango uliegemea kazi yake. Ripoti ilisomwa kwa sauti: "Picha ishirini na saba za Mpigapicha Mkuu, zilizopigwa mwaka hadi mwaka, zinathibitisha kuwa eneo hili halina kaburi, alama wala mabaki yoyote." Picha mbili za mwanzo, zile za kabla sijaajiriwa, ziliwekwa kando kwa sababu zilikuwa "mbovu, zina madoa." Kisha picha zikamulikwa ukutani, kubwa kama mlango, na kwa mara ya kwanza akaziona zilizopita mikononi mwangu.

Akasimama. "Hizo picha si zangu."

Mwenyekiti wa kikao akamwonyesha kwa kalamu. "Bi Kamba, mbona jina lako liko hapo chini?"

"Jina ni langu. Picha si yangu."

Mkurugenzi akacheka, akawaambia wajumbe kwamba mama amechoka, na ndiyo maana tunampumzisha. Ukumbi ukacheka naye. Na mimi nilicheka. Nimeliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaniunguza.

Kikao kilipokwisha, alishuka moja kwa moja chumbani kwangu. Hakugombana. Aliwasha sanduku la taa, akalaza negativu ya mwaka jana juu yake, akanipa kioo cha kukuzia.

"Hesabu, Fundi."

Nikahesabu. "Kumi na nne. Madoa haya, Bi Kamba. Dawa ilikuwa mbovu."

"Yamekaaje?"

Nikatazama tena. Yalikuwa katika mstari mmoja ulionyooka, na nafasi kati ya moja na lingine ilikuwa sawasawa, isipokuwa pale ambapo mchanga ulikuwa umefunika.

"Toka lini vumbi likapanga foleni?" akaniuliza.

Nikamvutia kiti.

Siku hiyo ndipo nilipoambiwa kile ambacho ningekijua zamani kama ningejisumbua kuuliza. Wakati wa vita, wapagazi ishirini walikamatwa katika mtaa mmoja wa mji huu, wakapakiwa melini, wakafungwa kiunoni kwa kamba moja ndefu, wakabebeshwa masanduku ya risasi na kutangulizwa majini mbele ya wanajeshi, ili mzinga umalize hasira zake kwao kwanza. Jioni alikuwa amebaki mmoja. Huyo mmoja aliwazika wenzake kumi na tisa juu ya mstari wa maji, katika safu. Hakuna aliyempa ubao wala jiwe. Akaiba vigingi vya chuma vya mahema ya maafisa, akapigilia kimoja kichwani pa kila kaburi. Akachukua kamba ya hema, akapiga fundo kwa kila kigingi, ili mchanga ukivifunika siku moja, mwenye kamba aweze kuwapata. Maafisa walilala hema limewaangukia, na kesho yake mpagazi yule alichapwa viboko kwa wizi wa mali ya jeshi.

Alikuwa babu yake Bi Kamba, baba wa mama yake.

Kamba yenyewe ya babu ilioza. Mama yake aliinakili fundo kwa fundo, na Bi Kamba akainakili ya mama. Ndiyo hiyo tuliyoitania miaka thelathini na tatu. Aliomba kazi kwetu kwa sababu alisikia Idara ina kamera na ina nia ya kuutazama ufuko ule kila mwaka. Alitaka ushahidi wa serikali, wenye mhuri, usioweza kuitwa hadithi za bibi. Tukampa mhuri, tukampa na mimi.

Wanajeshi, kwa taarifa yenu, wana mnara. Uko pale kwenye mzunguko wa barabara, mnaupita kila asubuhi. Una majina ya maafisa, majina ya askari wa pande zote mbili, una hata jina la farasi. Nimekwenda kuhakikisha, nimelisoma jina la farasi kwa macho yangu. Mstari wa mwisho kabisa umeandikwa "na wengineo." Watu kumi na tisa waliotembea mbele ya farasi yule wameingizwa katika maneno mawili, na hata hayo mawili kinyesi cha ndege kimeyafunika nusu.

Machi mwaka huu niliomba niende naye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuukanyaga ufuko ambao nilikuwa nimeusafisha mara ishirini na saba. Bahari ilikuwa imekula mchanga kuliko mwaka wowote, na bamvua iliyavuta maji mbali. Bi Kamba alinipa ncha moja ya kamba, yeye akashika nyingine, tukaitandaza kuanzia kigingi kilicho karibu na zege. Vigingi vyenyewe vimevimba kwa kutu, vinene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Fundo la kwanza likakaa juu ya kigingi. La pili vilevile. Tulipofika la kumi na tano nilikuwa sioni vizuri, na hakukuwa na upepo wa kusingizia. La mwisho lilikaa juu ya kigingi cha kumi na tisa. Hakuna aliyekuwa amefunikwa. Akaikunja kamba, akapanda juu ya zege, akapiga picha yake ya thelathini, moja tu kama kawaida, akasema twende, maji yanarudi.

Tuliipeleka kwa Mkurugenzi pamoja na nyingine ishirini na tisa, zote nimezichapa upya bila kuzigusa. Nilimweleza kosa ni langu. Alizitazama kwa muda wa kumaliza nusu kikombe cha chai. Kwanza akasema ni vyuma chakavu. Tukamwonyesha safu. Akasema mradi umeshapita, na kwamba masahihisho yataingia kwenye ripoti ya mwakani. Mwakani! Tingatinga linaingia ufukoni Jumatatu, tarehe 3 Julai, na mwakani watu wale watakuwa chini ya magari mia mbili. Nilipofika mlangoni aliniita, akaninyooshea ile picha mpya. "Hii isafishe kama kawaida, Fundi. Si una wembe?"

Nimefanya kazi chini ya wakurugenzi watano. Wavivu nimewaona, na wapenda safari nimewaona. Sijawahi kuambiwa na yeyote nikwangue binadamu kwa wembe, nikiwa nimeshaambiwa kwamba ni binadamu.

Na bado halijaisha. Kamati ya Sherehe, kwa nia njema, iliamua zawadi ya Bi Kamba iwe picha yake mwenyewe ya ufuko, ikuzwe, itiwe kwenye fremu ya mbao na kioo, ifunuliwe mbele ya wageni. Picha iliyochaguliwa ilikuwa ya mwaka juzi. Safi, nyeupe, haina hata kidoti. Yaani mwanamke huyu atoke kazini akiwa amebeba kwapani uongo wangu, wenye jina lake kwa chini, autundike sebuleni na autazame hadi kufa kwake! Habari zilipomfikia alinifuata. "Fundi, wakinipa ile nitaiacha mezani. Usije ukaona nimekosa adabu."

Hutaiacha, Bi Kamba, maana haipo tena.

Waheshimiwa wageni, fremu iliyofunikwa kitambaa cha bluu hapo mbele ina picha ya Machi mwaka huu. Nimeibadilisha mwenyewe Jumatano, wakati kamati imekwenda kuchagua maua. Kitambaa kikivutwa mtaona mchanga, zege, maji yaliyokwenda mbali, na vidoti vyeusi vilivyopanga foleni. Tafadhali asitokee mtu wa kuvifuta kwa leso. Wahesabuni.

Kwenye meza ya mlangoni, kando ya kitabu cha wageni, ipo barua. Kanuni za Halmashauri zinasema madiwani watatu wakitia sahihi, mradi husimama hadi eneo lipimwe upya. Katika ukumbi huu, kwa orodha ya mialiko, mmekaa madiwani kumi na mmoja. Nawaomba watatu, kalamu nimeiacha hapo hapo. Na aliyekuja kwa ajili ya chakula tu ale, lakini apite mlango ule ule wakati wa kutoka.

Mkurugenzi wangu, najua utaniita Jumatatu. Nitakuja. Wembe wangu nimeuandikisha kwenye orodha ya vifaa ambavyo Kitengo kinarudisha leo stoo, chini kidogo ya stendi yenye mguu wa waya, kwa hiyo kazi ile tafuta mwingine wa kumpa.

Bi Kamba, tunakushukuru kwa viatu mashimoni, kwa kumwambia mkubwa ukweli wa kipara chake, kwa Machi thelathini ulizosimama juani wakati sisi tuko chini ya feni. Tunakuomba radhi kwa kicheko cha Februari, na mimi nakuomba radhi kwa mengine ishirini na saba. Nenda kapumzike, uamke saa unayotaka, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na afya isikupungukie. Kamba usiiweke mbali.

Bahasha zako zote nimezisoma sasa, moja baada ya nyingine, pamoja na mstari ule wa mwisho. Ya mwaka huu uliniachia niiandike kwa mkono wangu. Nimeijaza kwa penseli, kwa utaratibu wako: tarehe, saa, upepo hakuna.

Wanaoonekana: 19.